Kabla Hujanunua Tiger: Vidokezo kwa Mgeni wa Vita vya Vifaru Mtandaoni

Gemu ya vifaru ina mtego mtamu: majina yake ni ya kweli. Tiger ipo, Sherman ipo, T-34 ipo, na ukishatazama filamu mbili tatu za Vita Kuu ya Pili unaingia uwanjani kifua mbele. Dakika mbili baadaye umeungua, umerudishwa gereji, na aliyekupiga hukumwona hata kivuli.

Ninayoizungumzia hapa ni World of Tanks ya kampuni ya Wargaming, iliyoanzia Minsk, Belarus. Ilizinduliwa Urusi mwaka 2010, mwaka uliofuata ikafika Ulaya na Marekani. Kwenye kompyuta hupambana watu 15 kwa 15. Kwenye simu kuna mdogo wake, Blitz, aliyetoka 2014, na huko ni 7 kwa 7. Vifaru vimepangwa kwa ngazi, vya chini vya kujifunzia na vya juu vya wababe. Watengenezaji walichukua umbo la kifaru, deraya yake na mzinga wake, wakaacha nje mafuta, vipuri, matope na usingizi. Ukijua kilichochukuliwa na kilichoachwa, utacheza vizuri kuliko wengi wanaokutangulia kwa miaka.

1. Usiikimbie ngazi ya 1

Renault FT ya Ufaransa inachekesha ukiiona: watu wawili ndani, uzito haufiki tani 7, mwendo kama kilomita 8 kwa saa. Lakini kidude hiki cha mwaka 1917 ndicho kilichopanga kifaru kama tunavyokijua leo: dereva mbele, injini nyuma, na juu mnara wenye silaha unaozunguka pande zote. Vifaru vya Waingereza vya 1916 vilikuwa masanduku makubwa yenye silaha ubavuni. Karibu kila utakachoendesha humo ni mjukuu wa FT, na MS-1 ya Kisovieti, nayo ya ngazi ya 1, ilitokana nayo moja kwa moja.

Leichttraktor ya Ujerumani ina kisa chake. Mkataba wa Versailles uliwanyima Wajerumani vifaru, basi wakavipeleka kwa siri katika shule ya Kama, karibu na Kazan, ndani kabisa ya Muungano wa Kisovieti, wakawa wanavijaribia huko hadi 1933.

Kaa hapo mechi kadhaa. Jizoeze kuendesha huku mnara unatazama upande mwingine, na jizoeze kusimama kabla ya kufyatua. Anayefyatua huku anakimbia anapoteza makombora tu.

2. Pembe kwanza, unene baadaye

Ukisoma kimoja tu, soma hiki.

Chuma cha mbele cha T-34 kina unene wa mm 45, ambao si mkubwa. Ila kimelazwa nyuzi 60 kutoka wima, kwa hiyo kombora linalokuja likiwa limelala sawa na ardhi lina mm 90 za kupasua. Unene wa kupasua umekuwa maradufu. Ndiyo maana mwaka 1941 Wajerumani walishangaa makombora yao yakidunda.

Tiger ni kinyume chake. Mbele ina mm 100, lakini chuma kimesimama karibu wima. Wajerumani wenyewe walijua hivyo, na mwaka 1943 wakawachapishia askari kijitabu kiitwacho Tigerfibel, kimejaa katuni na mashairi ya utani ili wakisome bila kusinzia. Kilifundisha hivi: fikiria kifaru chako kiko katikati ya uso wa saa, pua imeelekea kwenye 12. Adui asikupate akiwa kwenye 12, 3, 6 wala 9. Mweke katikati ya namba hizo: kati ya 10 na 11, au kati ya 1 na 2, na vivyo hivyo kwa nyuma. Kijitabu kiliziita nafasi hizo nyakati za mlo, ili dereva azikumbuke hata akiwa na njaa.

Hesabu yake ni ya darasani. Ukikigeuza kifaru nyuzi 30, zile mm 100 za mbele zinakuwa kama 115, na ubavu wa juu, wenye mm 80, unaonekana kwa mshazari mkali kiasi kwamba ni sawa na 160. Hapo uko salama pande zote mbili. Ukinogewa ukafika nyuzi 45, mbele unapata 141, lakini ubavu umeshuka hadi 113, na mpinzani anayejua kazi atakupiga huko huko. Kwa hiyo kwenye gemu geuka pungufu ya kijitabu kinavyosema, usigeuke sana.

Kwenye gemu, kombora la kawaida la kutoboa likigonga bati kwa pembe ya nyuzi 70 na zaidi linadunda. Isipokuwa kipenyo cha kombora kikiwa mara tatu ya unene wa bati au zaidi. Hapo pembe haisaidii. Mzinga wa mm 152 hauna habari na bati la mm 50, lilazwe lisilazwe.

Ukishalizoea hili, jifunze kujificha nyuma ya kona ya nyumba na kurudi nyuma taratibu ukimwonyesha adui ubavu kwa mshazari mkali, pua ikiwa bado imefichwa ukutani. Ataona bati kubwa, atafurahi, atafyatua, litadunda. Hapo unatoka unamjibu.

3. Soma orodha kabla hujakanyaga mafuta

Mechi ikifunguka utaona majina ya vifaru vya pande zote mbili. Wageni wengi hawaangalii. Angalia! Unaweza kukutana na vifaru vilivyokuzidi ngazi mbili, na hapo kazi yako inabadilika kabisa.

Mfano mzuri ni Matilda ya Waingereza, ngazi ya 4. Deraya yake ya mbele ilikuwa mm 78, unene usio wa kawaida kwa wakati wake. Desemba 1940, katika jangwa la Misri, mizinga ya Waitaliano ya kupigia vifaru haikuweza kuitoboa, na askari wa Uingereza wakaipa cheo cha Malkia wa Jangwani. Mapema 1941 Matilda zikapelekwa pia Eritrea, zikapigana Agordat na Keren. Lakini Juni 1941, kwenye njia ya Halfaya, Wajerumani walikuwa wamechimbia mizinga ya mm 88 iliyotengenezwa kutungua ndege. Matilda zikasogea kwa mwendo wao uleule wa taratibu, zikaungua moja baada ya nyingine. Kifaru ni kilekile, jangwa ni lilelile, na miezi sita tu imepita.

Kwenye gemu, miezi sita hiyo unaweza kuipitia ndani ya nusu saa. Mechi ya kwanza Matilda yako iko juu ya orodha: ingia katikati, wasumbue, deraya itakulinda. Mechi ya pili umetupwa chini ya orodha pamoja na vifaru vya ngazi ya 6: rudi nyuma ya wakubwa, piga waliokwisha kupigwa, kata minyororo ya wanaokimbia. Anayecheza mechi zote mbili kwa namna moja ndiye anayelalamika kwamba gemu inamwonea.

4. Tiger haitakuokoa

Tiger zilizotengenezwa, kuanzia 1942 hadi 1944, ni 1,347 tu. Sherman zilikuwa karibu 49,000. T-34 za aina zote zilizotoka viwandani wakati wa vita zilipita 50,000. Ushindi wa Sherman ulikuwa humo kwenye hesabu: ilikuwa na uzito wa tani kama 30, ikawezekana kuibeba kwa meli na kuishusha bandarini, ilitengenezeka kirahisi, na ikiungua nyingine iko njiani.

Gemu imeifutia Sherman faida hiyo yote. Kila upande una 15, na kikifa hakuna anayekuletea kingine. Ndiyo maana wageni wanaidharau. Wanasahau kwamba inageuka haraka, na kwamba gemu inakuruhusu kuifunga mzinga mfupi wa mm 105, ambao Sherman za kweli za kusaidia askari wa miguu zilikuwa nao. Kombora lake linakwenda kwa kupanda na kushuka na kulenga ni kwa kubahatisha, lakini likimpata mwenye deraya nyembamba, ataongea peke yake.

Tiger nayo, kwenye ngazi ya 7, imepewa zawadi ya kimyakimya: unaweza kuifunga mzinga mrefu wa mm 88 ambao kihistoria ulikuwa wa kaka yake, Tiger II. Maana yake ni kwamba kifaru chako ni cha kupiga kwa mbali. Deraya yenyewe, kwa ngazi hiyo, haina maajabu. Mgeni analiona jina, anaiingiza mstari wa mbele kama ngome, anatobolewa. Mwenyeji anakaa nyuma ya wenzake mita mia mbili tatu na kupiga bila kukosa, kombora baada ya kombora.

Ukitaka kujua Tiger halisi inatembeaje, tafuta video za Tiger namba 131. Ilitekwa na Waingereza Tunisia, Aprili 1943, sasa iko kwenye jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza, na bado injini yake inawaka. Ndiyo hiyo iliyotumika kwenye filamu ya Fury ya 2014.

5. Chunguza mzinga unainama kiasi gani

Hili halimo kwenye matangazo, na ndilo linaloamua usimame wapi. Kifaru kikiwa juu ya mgongo wa kilima, mzinga lazima uelekee chini ili umpate aliye bondeni. Mdomo ukishuka, kitako chake kinapanda ndani ya mnara. Mnara ukiwa mfupi, kitako kinagonga dari na mzinga unakwama hapo hapo.

Wahandisi wa Kisovieti walitaka kifaru kifupi kisichoonekana upesi kwenye tambarare pana, kwa hiyo T-54 inainamisha mzinga nyuzi kama 5 tu. Wamarekani hawakujali urefu. Sherman yao inainamisha nyuzi 10 au zaidi. Basi ukiwa na cha Kimarekani tafuta kilima, ficha bodi yote nyuma ya mgongo wake, toa mnara na mzinga peke yake. Ukiwa na cha Kisovieti achana na vilima. Nenda mjini, nenda kwenye tambarare, kabiliana uso kwa uso.

Watanzania tuna sababu ya kuijua Type 59. Ni T-54A iliyotengenezwa China, yenye mzinga wa mm 100, na jeshi letu, JWTZ, lilizipata kutoka huko pamoja na Type 62, iliyo nyepesi zaidi. Zote mbili ziko kwenye gemu, Type 59 ngazi ya 8 na Type 62 ngazi ya 7. Mnara wa Type 59 ni wa mviringo kama bakuli lililofunikwa na makombora huteleza juu yake vizuri sana, ila ukiipandisha kilimani utabaki unalenga mawingu.

6. Kichaka ni deraya

Kwenye vita vya kweli, mtu wa ndani ya kifaru alikuwa karibu kipofu. Alitazama kupitia vioo vyembamba na darubini ya mzinga, na makamanda wengi walikufa kwa sababu walilazimika kutoa kichwa nje ili waone. Gemu imeligeuza jambo hilo kuwa hesabu: kila kifaru kina umbali wake wa kuona, kila kimoja kina kiwango chake cha kujificha, na hakuna anayeonekana zaidi ya mita 445. Ukiwa nje ya mahesabu hayo, unatoweka hata ukiwa umesimama peupe.

Kinachowakwaza wageni ni kichaka. Ukikaa ndani yake unafichika, ukifyatua tu unaonekana. Dawa yake: rudi nyuma kama mita 15 mpaka kichaka kiache kuwa cha kupenyeka machoni pako, halafu fyatua kupitia hicho hicho. Hutamwona adui kwa macho yako, utaonyeshwa na mwenzako aliye mbele.

Huyo mwenzako ni mwenye kifaru chepesi. Kama ni wewe, mara nyingi kidole kiondoe kabisa kwenye kitufe cha kufyatua. Tulia kichakani, waone, waache wakubwa wapige. Utalipwa kwa kila pigo lililotokana na macho yako.

7. Jua unapakia kwa sekunde ngapi

IS-2 ya Kisovieti ilichukua mzinga wa mm 122 uliokuwepo tayari jeshini. Kombora lake ni la kilo 25, na baruti iko pembeni kwenye ganda lake, kwa hiyo mpakiaji alifanya kazi mara mbili kwa kila mlio mmoja. Mara mbili au tatu kwa dakika, basi, na ndani kulikuwa na makombora 28 tu. Gemu imebakiza tabia hiyo: pigo zito, kungoja kwingi. Toka, piga, rudi ukutani. Usibaki nje kutazama ulichofanya.

KV-2 imezidi. Mm 152, mnara mrefu kama kabati, na kwenye mteremko mnara huo ulikuwa mzito mno kuzungushwa. Kwenye ngazi ya 6 inaogopwa na kila mtu, na mwenyewe hajui kama atapiga kifaru au ukuta wa jirani. Inafurahisha. Haijengi tabia nzuri.

AMX 13 ya Ufaransa ni akili nyingine. Mnara wake umekatwa vipande viwili, na kile cha juu huinama na kuinuka pamoja na mzinga. Nyuma kuna magurudumu mawili ya kupakia yenyewe, kila moja likiwa na makombora sita. Yakiisha, kwenye vita vya kweli ilibidi watu watoke nje wayajaze kwa mikono. Kwenye gemu unafyatua mfululizo, kisha unangoja zaidi ya nusu dakika huna meno. Wapinzani wenye uzoefu wanahesabu milio yako. Bakiza moja ya kumshtukiza anayekufuata.

8. Wakumbuke walio ndani

Gemu inawahesabu wahudumu kwa asilimia ya mafunzo, na ushauri wa kawaida ni sahihi: usiwahamishe ovyo kutoka kifaru hadi kifaru, wapandishe ujuzi polepole, na kamanda aliyeumia mtibu kwanza.

Lakini kuna jambo kubwa gemu imelipuuza, nalo linasaidia kueleza kwa nini Ufaransa ilianguka ikiwa na vifaru vizuri. Char B1 ilikuwa na deraya nene, mzinga wa mm 75 kwenye bodi na wa mm 47 juu mnarani. Mnarani alikaa mtu mmoja. Kamanda huyo alitazama nje, akaamua, akapakia, akalenga, akafyatua, na bado alitakiwa kuwaongoza wengine. Tarehe 16 Mei 1940, katika kijiji cha Stonne, Kapteni Pierre Billotte aliiingiza B1 yake iitwayo Eure katikati ya safu ya Wajerumani, akaharibu vifaru 13 na kutoka akiwa amepigwa mara 140 bila kutobolewa hata mara moja. Kifaru kilikuwa na uwezo huo. Ila Wajerumani, katika vifaru vyao vikubwa, walikuwa na watu watatu mnarani, redio kila mahali, na kamanda ambaye kazi yake ilikuwa kufikiri.

Kwenye gemu wewe ndiye wahudumu wote, na B1 inapakia haraka kama nyingine yoyote ya ngazi ya 4. Ichukue. Humo imepewa nafasi ambayo mwaka 1940 haikuipata.

Halafu kuna ile namba ya uhai inayopungua pigo kwa pigo. Kwenye kifaru cha kweli haikuwepo. Kombora liliingia au halikuingia. Likiingia, lilikuta watu, mafuta na baruti. Sherman za mwanzo ziliweka makombora juu ubavuni, zikawa zinaungua vibaya, hadi yalipohamishiwa sakafuni ndani ya masanduku yaliyozungukwa na maji. Wanaotaka hesabu ya namna hiyo huhamia gemu nyingine, War Thunder, ambako hakuna namba ya uhai na kombora moja linaweza kukumaliza.

9. Ukiwa na Maus, amua njia mara moja

Tani 188. Madaraja mengi ya Ulaya yasingeibeba, kwa hiyo mpango ulikuwa ivuke mito kwa kupita chini ya maji. Zilitengenezwa mbili, moja tu ikapata mnara, na Wasovieti wakaunganisha mnara huo na bodi ya ile nyingine. Mseto huo uko kwenye makumbusho ya Kubinka, Urusi.

Kwenye gemu ni ya ngazi ya 10 na mwendo wake hauzidi kilomita 20 kwa saa. Ukikosea njia sekunde ya kwanza, utafika vita ikiwa imekwisha. Nenda wanakokwenda wengi, na omba mmoja akulindie mgongo. Ukiachwa peke yako, vijana wa vifaru vyepesi watakuzunguka mpaka uchoke.

10. Usibishane kuhusu vifaru vya karatasi

Humo kuna aina tatu: vilivyotoka kiwandani kwa maelfu, vilivyotengenezwa kimoja au viwili, na vilivyoishia kwenye mchoro. E 100 ni ya katikati: Washirika waliikuta Haustenbeck, Ujerumani, mwaka 1945 ikiwa bodi isiyokamilika. Ile ya gemu, yenye mnara na mzinga wa mm 150, hakuna dereva aliyewahi kuiendesha. FV215b ya Uingereza ni mchoro. Mwendo wake, deraya yake, muda wake wa kupakia, vyote vimepangwa na watengenezaji na vinaweza kubadilishwa wiki ijayo kwa sababu za mizani ya mchezo. Kumwambia mwenzako kwamba kihistoria ilipaswa kushinda ni kupoteza bando.

Jihadhari pia na macho yako. Stridsvagn 103 ya Uswidi haina mnara kabisa, na inalenga kwa kuinamisha na kugeuza bodi yote. Wageni huapa kwamba imebuniwa. Ilihudumu jeshini miaka ya 1960 hadi 1990. Na T95 ya Marekani, tani 86, deraya mm 305, nayo ni kweli: zilitengenezwa mbili, moja ikaungua, na nyingine ikasahaulika mpaka 1974 ilipokutwa kwenye uwanja wa nyuma wa kambi ya Fort Belvoir, Virginia. Sijui mtu anapotezaje kitu cha tani 86, lakini walikipoteza.

11. Pochi ikae mfukoni

Vifaru vya kununua kwa pesa halisi vinapata fedha nyingi za gemu, havikupi akili. Type 59 ilipoingia dukani ilinunuliwa na watu wengi mno, mechi zikajaa Type 59 tupu, hadi wenye gemu wakaiondoa kwenye mauzo ya kawaida. Ukiona ofa inayoisha baada ya saa tatu, iache iishe, nyingine itakuja. Kama kompyuta yako ni ya kawaida na bando ni la kupima, anza na Blitz kwenye simu. Seva za karibu nasi ziko Ulaya, kwa hiyo cheza mtandao ukiwa umetulia, si jioni mtaa mzima ukiwa hewani.

12. Mizinga ya mbali

Ukisimama peupe zaidi ya sekunde kumi, kombora litakuangukia utosini. Sogea.

13. Siku ya kuchoka, chukua TOG

Mwanzo wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliwaita tena wazee waliotengeneza vifaru vya kwanza mwaka 1916, William Tritton akiwa mmoja wao. Waliamini vita itakuwa ya mahandaki kama ile ya kwanza, wakaunda kifaru cha kuvuka mahandaki: urefu mita 10, uzito tani 80, mwendo kama kilomita 14 kwa saa. Wakakiita TOG, herufi zinazowataja wao wenyewe kama genge la wazee. Mahandaki hayakutokea. TOG II ilibaki moja, nayo iko Bovington.

Kwenye gemu ni ya ngazi ya 6, ya kununua, ina uhai mwingi kuliko wenzake na deraya isiyozuia kitu. Kila mtu anaiona, kila mtu anaipiga, na bado inachukua muda kufa. Tafuta marafiki wawili, mjipange TOG tatu kwa foleni, mshike barabara kuu. Wenzenu watacheka, baadhi watawafuata wakipiga honi kwenye maandishi. Mkifika katikati ya uwanja kabla dakika 15 hazijaisha, pigeni picha ya kioo, wengi hawafiki.